Reli ilifika, chakula hakikufika: kisa cha njaa ya Madras, 1876–1878

Februari 1877 ufukwe wa Madras, mji mkuu wa jimbo la jina hilo kusini mwa India, ulikuwa umejaa magunia ya nafaka, yamerundikwa juu ya mchanga kama kuta. Meli zilileta mchele kutoka Bengal na Burma, zikashusha, zikarudi kuchukua mwingine. Stesheni ya Royapuram haikuwa mbali na bandari. Kutoka Madras njia kuu ya reli ilielekea kaskazini-magharibi, ikapita Cuddapah, ikaingia wilaya ya Bellary, na huko Raichur ikakutana na reli iliyotoka Bombay. Njia hiyo ilikuwa imekamilika tangu 1871, na simu ya waya ilikuwa imefika Madras hata kabla ya reli.

Kwa hiyo Cuddapah na Bellary hazikuwa wilaya za porini zisizofikika. Zilikaa kwenye reli inayounganisha miji miwili mikubwa ya pwani za India, na bado zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizozika watu wengi zaidi katika njaa ya 1876 hadi 1878.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wowote wa ukoloni, uwe wa India au wa kwetu, ukifika kwenye miundombinu hutokea mtu wa kusema, "Lakini walijenga reli." Ni kweli, walijenga, na simu na posta pia. Sitaki kuibeza kazi hiyo wala maelfu ya vibarua waliopasua milima ili njia ipite. Nataka kuitazama reli katika mwaka mmoja ambao watu waliihitaji kuliko miaka mingine yote, nione ilifanya nini, ilishindwa nini, na nani aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kilichobebwa, na juu ya nani aliyeruhusiwa kukila.

Fedha za reli zilitoka wapi

Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bori Bunder, Bombay, tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, safari ya kama kilomita 34. Bori ni gunia, na Bunder ni neno lile lile tulilolirithi sisi kutoka Kiajemi, bandari. Jina la stesheni lilikuwa limeshasema kazi ya reli hiyo. Siku nne baadaye Gavana Mkuu Dalhousie alitia saini waraka wake wa kupendekeza njia kuu za nchi nzima, na sababu alizozitanguliza zilikuwa mbili: kusafirisha askari haraka, na kuteremsha pamba na mazao mengine kutoka bara hadi pwani.

Mitaji ilitoka London, kwa masharti yaliyowekwa mwaka 1849. Kampuni zilipewa ardhi bure, na wenye hisa wakahakikishiwa riba ya asilimia 5 kila mwaka. Reli ikiingiza faida, vizuri. Isipoingiza, serikali ya India inaziba pengo kutoka katika mapato yake, na sehemu kubwa kuliko zote ya mapato hayo ilikuwa kodi ya ardhi anayoilipa mkulima. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama pauni 8,000 kwa maili moja ya reli. Gharama halisi zilikwenda zaidi ya maradufu. Mwaka 1872 William Massey, aliyewahi kushika fedha za serikali ya India, aliiambia kamati ya Bunge la Uingereza kwamba mwenye mtaji hakujali fedha zake zimegeuka matofali au zimetupwa katika mto Hooghly, maadamu riba yake ilikuwa na dhamana.

Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu huko mbele tutawakuta watumishi wa serikali wakihesabu gramu za chakula cha mtu mwenye njaa kwa jina la kubana matumizi. Mwenye hisa wa London hakuwahi kupunguziwa riba kwa sababu mvua imekosekana Bellary.

Alikuwepo mtu mmoja aliyeipinga hesabu hii tangu mapema, naye alikuwa mhandisi wa serikali hiyo hiyo. Arthur Cotton alijenga banio kubwa la mto Godavari huko Dowleswaram, lililokamilika mwaka 1852. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yatangulie: mfereji unanywesha mashamba na papo hapo unabeba mizigo kwa mashua, kwa gharama ndogo kuliko treni. Hawakumsikiliza vya kutosha. Njaa ilipokuja, nyanda za mto Godavari zilivuna, na wakulima wake walikuwa na chakula cha kuuza kwa wengine.

Mvua inakosekana

Mwaka 1876 mvua za masika ya Kihindi ziliyumba kusini mwa nchi, kisha zile za mwisho wa mwaka, ambazo Madras huzitegemea sana, zikakatika kabisa. Leo tunajua kwamba mwaka uliofuata, 1877, ulikuwa wa El Niño yenye nguvu isiyo ya kawaida. Mtama ulikauka shambani Bellary, na ulezi ukakauka Mysore.

Waliodondoka kwanza ni watu wasio na ghala: vibarua wa mashambani, wafumaji, wafinyanzi, wachungaji. Shamba likikosa mavuno, mkulima anakosa mavuno lakini kibarua anakosa kazi, na bila kazi hana fedha ya kununulia hata kile kilichopo sokoni. Mfumaji naye anategemea mkulima anunue kitambaa, na mkulima wa mwaka huo hanunui. Bei za nafaka zilipanda mara mbili, penginepo mara tatu.

Hapo ndipo reli na simu vilipoingia, na hapo ndipo panapotatanisha. Zamani, wilaya moja ikikosa mvua, bei ilipanda katika wilaya hiyo peke yake, na jirani zake wakaendelea kula kwa bei ya kawaida, kwa kuwa mikokoteni haikuweza kubeba mzigo mkubwa mbali. Sasa mfanyabiashara aliyeko Bombay alisoma bei ya Madras asubuhi, na kabla ya jioni akawa ameagiza mzigo. Nafaka iliifuata bei. Kutoka mahali palipovunwa ilihamia palipokauka, na hilo ni jema. Lakini na bei kali nayo ilisafiri kurudi nyuma, hadi kwenye wilaya zilizopata mvua, ambako maskini walijikuta wanalipa gharama ya njaa iliyoko mbali. Wenye maghala nao walizisoma simu hizo hizo na kuamua kungoja bei ipande zaidi.

(Neno letu simu, lenye asili ya Kiajemi, maana yake ya mwanzo ni waya. Zanzibar iliungwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, na babu zetu wakawajibika kulijua neno hilo kabla hawajaiona simu ya kuongea.)

Lilikuwepo pia tatizo la kawaida kabisa ambalo wapenzi wa ramani za reli hulisahau. Treni inafika stesheni, na kijiji kiko kilomita 40 kutoka stesheni. Umbali huo wa mwisho ulikuwa kazi ya maksai. Maksai wanakula majani, na majani yalikauka pamoja na mtama. Wanyama walikufa kwa wingi, mikokoteni ikalala, na magunia yakakaa stesheni huku kilichokwamisha safari kikiwa ni mnyama na wala si injini. Reli yenyewe ilielemewa: mabehewa hayakutosha, na ndiyo maana ufukwe wa Madras ulijaa vile.

Ningekuwa natafuta kuishia kwenye vifaa, ningeishia hapa na kusema kwamba njia hazikutosha. Lakini miaka mitatu tu nyuma kulikuwa na kisa kingine kinachoizuia hoja hiyo kupita.

Mtu yule yule

Mwishoni mwa 1873 mvua zilikosekana Bihar, kaskazini mwa India. Kumbukumbu ya Orissa ilikuwa bado mbichi: mwaka 1866 takriban watu milioni 1 walikufa Orissa, jimbo lisilo na reli, kwa sababu maofisa wa Calcutta walingoja soko lilete chakula, na walipokuja kushtuka, bahari ya masika ilikuwa imezifunga bandari zake. Safari hii Makamu wa Malkia, Northbrook, hakungoja. Serikali ilinunua zaidi ya tani 400,000 za mchele, nyingi zikitoka Burma. Kazi hiyo aliisimamia Richard Temple. Mwaka 1874 reli ya dharura ilitandikwa haraka kutoka mto Ganges hadi Darbhanga ili mchele ufike. Watu walipewa chakula bila masharti ya kuwaumiza. Waliokufa kwa njaa walikuwa wachache mno.

Temple hakupongezwa. Alilaumiwa, India na London, kwa ubadhirifu. Mchele ulibaki, fedha zilikwenda nyingi mno, watu waliokolewa kwa gharama kubwa kuliko ilivyostahili; ndivyo walivyosema. Lawama ile ilimkaa.

Sasa turudi Madras. Mwishoni mwa 1876 gavana wa huko, Duke wa Buckingham, alianza kufanya kama Bihar: aliagiza kwa siri tani 30,000 za nafaka kupitia nyumba moja ya biashara. Serikali kuu ilipopata habari ilimkaripia. Makamu mpya wa Malkia, Lytton, alikuwa ameagiza kwamba serikali isiingilie bei ya chakula kwa namna yoyote. Soko lilete, reli ibebe, serikali ikae pembeni. Lytton alikuwa na shughuli yake Delhi, ambako tarehe 1 Januari 1877 makumi ya maelfu ya wageni walikusanyika kusikia Victoria akitangazwa Malkia wa Himaya ya India. Kisha akachaguliwa mjumbe wa kwenda kusini kubana gharama, na mjumbe huyo alikuwa Richard Temple.

Hapa ndipo ninapokwama kila ninapokisoma kisa hiki. Ni mtu yule yule. Alijua kwa mikono yake mwenyewe jinsi ya kuwalisha watu wenye njaa, na alikuwa amefanikiwa. Zaidi ya hapo, kusini alikuta reli iliyokwisha kujengwa, wakati Bihar ilibidi aitandike katikati ya janga. Lakini alikuja kuisafisha sifa yake.

Alipita wilaya baada ya wilaya akiondoa watu kwenye orodha za msaada, mamia ya maelfu yao. Wenye uwezo wa kufanya kazi walipelekwa kwenye kambi za kuvunja mawe, kujenga barabara na kuchimba mifereji, na sharti moja likawa kambi iwe umbali wa maili 10 kutoka nyumbani, ili asije ila aliyeshindwa kabisa. Ujira aliouweka kwa mwanamume mzima ulikuwa ratili moja ya nafaka kwa siku, yaani kama gramu 450, pamoja na ana moja. Ni ile ana waliyoitumia wazee wetu wa pwani kabla ya shilingi, 16 kwa rupia moja. Wanawake na watoto walipewa pungufu. Kwa ujira huo mtu alitakiwa avunje mawe juani kutwa.

Aliyempinga hadharani alikuwa daktari, William Cornish, mkuu wa afya wa Madras. Cornish alisema mtu anayefanya kazi ngumu hawezi kuishi kwa ratili moja ya nafaka tupu. Anahitaji isiyopungua ratili moja na nusu, na juu yake kunde na mboga. Waligombana kwa maandishi, mmoja akitetea hazina, mwingine akieleza jinsi mwili unavyojila wenyewe. Baadaye mwaka huo Madras ilikubali nusu ya hoja ya Cornish, ujira ukapandishwa hadi ratili moja na robo na dengu kidogo. Kwa wengi walioshinda kambini miezi ile ya kwanza, nyongeza ilichelewa.

Upande wa Bombay, Januari 1877, vibarua wa kambi za msaada waligoma. Maelfu waliacha kazi na kuondoka badala ya kuupokea ujira huo, na Poona Sarvajanik Sabha, chama cha wasomi na raia wa Poona, kikawaandikia watawala barua juu ya barua kuwatetea. Nataka kulitaja hili kwa sababu visa vya njaa huandikwa kana kwamba wenye njaa hulala tu na kungoja. Hawa waliamua, wakijua wanachokihatarisha.

Na reli? Iliendelea kufanya kazi, mchana na usiku. Ilileta nafaka kusini, nafaka nyingi kuliko ilivyowahi kubebwa huko, ikaishusha katika stesheni ambako walinzi walisimama kati yake na watu wasio na fedha. Kaskazini ya nchi iliendelea kuteremsha ngano bandarini: katika mwaka wa biashara wa 1877–78, zaidi ya tani 300,000 zilikwenda Uingereza. Hakuna sheria iliyovunjwa. Soko lilipeleka chakula kwa mwenye fedha, kama soko linavyofanya siku zote.

Mvua zilirudi mwishoni mwa 1877, na vifo havikukoma. Malaria iliwakuta watu ambao miili yao haikuwa na akiba, juu ya kipindupindu na ndui. Mysore, iliyokuwa wakati huo chini ya maofisa wa Kiingereza, ilipoteza takriban watu milioni 1 kati ya milioni 5. Kwa maeneo yote ya kusini na magharibi, hesabu ya chini inazidi milioni 5, na makadirio ya juu yanakaribia milioni 10.

Utetezi wa reli

Lazima nimpe nafasi yake anayetetea reli, maana ana hoja ya kweli. Bila treni, chakula cha Bengal kisingefika Bellary kabisa, na waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Orissa ya 1866 inaonyesha hali ya jimbo lisilo na njia. Wapo pia wachumi wa siku hizi waliozipima bei za chumvi za wakati ule, wilaya kwa wilaya, wakaona kwamba reli ilipofika, tofauti za bei zilipungua, kipato cha wakulima kikapanda, na mwaka wa ukame haukuua kama zamani. Nayakubali matokeo hayo. Ni wastani wa miaka mingi, na wastani huo una ukweli wake.

Gandhi, aliyeandika mwaka 1909 kwamba reli zimezidisha njaa kwa kuwa watu huuza nafaka yao kwenye soko lenye bei kubwa zaidi, alikuwa ameuona upande mmoja tu. Lakini ni upande ambao watu wa Bellary waliuishi. Reli inarahisisha uamuzi wowote utakaofanywa: wa kuleta na wa kuondoa. Bihar ilipata ule wa kwanza, na Madras ikanyimwa kwa makusudi, kwa maandishi, na mtu aliyekuwa akijua matokeo yake.

Uamuzi huo ulifanywa na watu ambao hakuna mkulima wa Cuddapah aliyewachagua wala aliyeweza kuwaondoa. Sioni namna ya kukieleza kisa hiki nikiliacha jambo hilo nje.

Baada ya hapo

Tume ya Njaa iliyoongozwa na Richard Strachey ilitoa ripoti yake mwaka 1880. Pendekezo lake kubwa lilikuwa reli zaidi: maili 5,000 kwa haraka, na nchi isihesabiwe kuwa salama hadi ifikishe maili 20,000. Zikatungwa pia kanuni za njaa, zilizoeleza lini msaada uanze na nani apewe nini. Kanuni hizo zilikuwa hatua ya kweli. Zilitengwa na fedha za akiba kwa ajili ya njaa, kwa kodi mpya, ila vita vya Afghanistan vilikuwa vimeanza mwaka 1878 na Wahindi wengi wakalalamika kwamba akiba yao imeelekezwa huko.

Maili 20,000 zilipatikana na kupitwa kabla karne haijaisha. Mwaka 1900 India ilikuwa na karibu kilomita 40,000 za reli. Njaa za 1896–97 na 1899–1900 ziliua mamilioni tena.

Miaka hiyo hiyo, reli ya aina hiyo, Reli ya Uganda, ilikuwa inapenya kwetu Afrika Mashariki. Upana wake wa mita moja ulitoka India, na vibarua wake zaidi ya 31,000 walitoka huko pia, wengi wakiwa Wapunjabi. Ilipita Ukambani na kufika Nairobi Mei 1899, wakati Wakamba wako ndani ya njaa waliyoiita Yua ya Ngomanisye, na Wakikuyu wakiiita yao Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Mchele wa kuwalisha wajenzi uliletwa kwa meli kutoka India na kupandishwa kwa reli, ukipita katika nchi ya watu hao wenye njaa.

Huko Madras, jiji linaloitwa sasa Chennai, kimoja kati ya vilivyochimbwa na watu wa ratili moja bado kinaonekana. Mwaka 1877 na 1878 walichimba mfereji wa kama kilomita 8 kuunganisha mto Cooum na mto Adyar, ukapewa jina la gavana, Buckingham. Maji yake leo ni meusi na mazito. Treni za mjini hupita juu yake, na nguzo za njia hiyo zimesimama ndani ya mfereji.